Ulinganisho: mswada wa magick ya matambiko, upelekwe kwa mchapishaji yupi?

MzeeWaPrufu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Swali hili limekuwa likichomoza kwenye nyuzi za watu wengine, sasa tulipe uzi wake. Mtu ana mswada wa kufundisha matambiko ya magick. Aupeleke wapi?

Hiyo k ya mwisho naiacha makusudi. Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa fani hii, ndiye aliyeieneza ili kazi ya tambiko isichanganywe na viinimacho vya jukwaani, na leo hata mfumo wa BISAC, ambao wauza vitabu wanautumia kupanga rafu, una tawi la Magick Studies chini ya herufi OCC. Mhariri akiiona k anajua kitabu kitakaa wapi. Neno "uchawi" nalikwepa kwa kuwa kwetu limeshatoa hukumu kabla hujamaliza sentensi.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mswada wa mfano: maneno 70,000, talasimu (hirizi zilizochorwa) saba za sayari saba za kale, Jua na Mwezi zikiwemo, kila moja na siku yake, saa yake, ubani wake na maneno yake, na michoro kama 40. Naona milango mitano.

Wa kwanza ni nyumba kubwa za fani hii: Llewellyn (ilianzishwa 1901, leo iko Minnesota), Weiser (shina lake ni duka la vitabu lililofunguliwa New York mwaka 1926) na Inner Traditions (1975, Vermont). Faida yao kuu ni kwamba unaweza kubisha hodi mwenyewe bila wakala. Wa pili ni nyumba ndogo za matoleo machache, kama Scarlet Imprint na Fulgur za Uingereza, zinazotengeneza kitabu kama kazi ya mikono. Wa tatu ni vyuo vikuu. Penn State wana mfululizo wao wa Magic in History, SUNY wana Western Esoteric Traditions. Wa nne ni nyumba za jumla, yaani zinazochapisha vitabu vya kila aina, ambazo huingii bila wakala. Wa tano, kujichapishia.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuandika pendekezo moja na kulitawanya kama vipeperushi vya mkutano. Nyumba kubwa ya fani inamtafuta msomaji atakayesimama chumbani kwake na chetezo mkononi. Nyumba ndogo inamtafuta mtu ambaye chetezo anacho tayari, na rafu imejaa, na bado atanunua. Chuo kikuu kinataka hoja. Nyumba ya jumla inataka jina la mwandishi na simulizi. Mswada ni uleule lakini pendekezo ni tofauti kila mlango, na sura ya mfano unayoambatisha ni tofauti pia. Chagua mlango kwanza, andika baadaye.

Karibuni mnirekebishe.

BintiFalaki

Mzee umeeleza vizuri, ila naongeza kwenye sura ya mfano maana hapo ndipo wengi wanaangukia. Nyumba za mlango wa kwanza zina wahariri wanaoijua kazi. Wanafungua sura, wanasoma tambiko moja, wanajiuliza: mtu ambaye hajawahi kuniona anaweza kulifanya kwa kusoma tu?

Chukua talasimu ya Utaridi. Mswada dhaifu unaandika hivi:

"Washa ubani, uhisi nguvu za Utaridi zikikujaa, kisha uipe talasimu uhai."

Hapo hakuna tambiko. Ni ubani gani? Kiasi gani? Talasimu iko wapi, mkononi au mezani? Utajuaje umemaliza? Sasa linganisha:

"Weka kipande kimoja cha mkaa juu ya mchanga wa kina cha sentimita 3 ndani ya chetezo. Kiwashe, usubiri mpaka chote kifunikwe na jivu la kijivu, kama dakika 5. Weka punje moja ya mastiki yenye ukubwa wa choroko. Moshi ukipanda, shika talasimu kwa mkono wa kushoto, kama sentimita 20 juu ya chetezo, uipitishe kwenye moshi mara 8. Moshi ukikata kabla ya mara ya nane, ongeza punje, endelea ulipoishia, usianze upya."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayouza kitabu. Inamwonyesha mhariri kwamba mwandishi anajua kinachoharibika. Ukiweka mastiki kabla mkaa haujashika jivu, inatoa moshi mweusi wenye harufu ya kuungua badala ya ile nyepesi ya utomvu, na msomaji atadhani amekosea maneno kumbe amekosea dakika.

Halafu saa za sayari, yaani saa zinazogawiwa sayari kwa zamu. Nimeona mapendekezo yanayosema "fanya Jumatano saa ya Utaridi, yaani alfajiri saa kumi na mbili". Hilo ni kosa la kukataliwa. Unachukua muda kutoka macheo hadi machweo, unagawa kwa 12. London mwezi Juni kila saa ya mchana inafika kama dakika 83, Desemba inashuka hadi kama 39. Jumatano, saa ya Utaridi ni ya 1 na ya 8 za mchana, kisha ya 3 na ya 10 za usiku. Weka kanuni na mfano mmoja uliopigwa hesabu hadi mwisho. Usiweke jedwali la saa za ukutani, litakuwa sahihi kwa mji mmoja tu. (Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo jambo hili linatuingia haraka. Anayehesabu kuanzia usiku wa manane inabidi aelezwe mara mbili.)

Chipukizi_Kalamu

Shikamoo wazee wa uzi. Swali la mgeni: pendekezo lenyewe lina nini ndani? Na barua ya kwanza ni tofauti na pendekezo au ni kitu kimoja?

MzeeWaPrufu

Marahaba. Ni vitu viwili. Barua ya kwanza ni ukurasa mmoja, maneno 250 hadi 400, kazi yake ni kumfanya mhariri afungue kiambatisho. Pendekezo ni kurasa 40 hadi 60 za nafasi mbili ukijumlisha sura za mfano. Ndani yake kuna muhtasari, maelezo ya msomaji, vitabu vya kulinganisha, yaliyomo yenye maelezo, wasifu wako, mpango wa kutangaza, urefu na idadi ya michoro, tarehe ya kukabidhi, na sura mbili.

Vitabu vya kulinganisha vinawashinda wengi. Weka vinne au vitano, vya miaka mitano iliyopita, kutoka nyumba zaidi ya moja. Usimweke Crowley. Alifariki 1947, mauzo yake hayamwambii mhariri lolote kuhusu mauzo yako. Na usiandike "hakuna kitabu kama hiki", kwa sababu mhariri anasikia "hakuna wanunuzi". Kila kitabu kipe sentensi mbili: kinafanya nini vizuri, na msomaji wake akikimaliza anakosa nini ambacho wewe unacho. Kumponda mwenzako ni hatari, huenda mhariri aliyesoma barua yako ndiye aliyemhariri.

Yaliyomo yenye maelezo: mistari mitano hadi minane kwa sura. Kwa mswada wa talasimu kuna mtego. Sura saba za sayari zinafanana, kwa hiyo maelezo yanatoka kama fomu iliyojazwa mara saba. Onyesha ngazi: Mwezi kwanza kwa sababu anabadilika haraka na msomaji anaona matokeo ya uchaguzi wa siku; Zohali mwisho kwa sababu kazi yake inadai uvumilivu. Ukishindwa kueleza kwa nini sura ya nne isiwe ya pili, bado una jedwali lenye maneno mengi.

Barua sasa. Mwanzo wa aina hii unatupwa:

"Kitabu changu kitafichua siri zilizofichwa kwa karne nyingi na kubadilisha maisha ya kila msomaji."

Huu unasomwa:

"Talasimu Saba ni mwongozo wa maneno 70,000 kwa msomaji ambaye amefanya tambiko dogo la kufukuza kwa nyota ya pembe tano kwa miezi kadhaa, na sasa anataka kutengeneza kitu. Kila tambiko linatumia vifaa visivyozidi tisa, linachukua dakika 40 hadi 70, na limejaribiwa na watu kumi waliopewa maandishi peke yake bila kuelekezwa kwa mdomo."

Angalia imebeba nini: urefu, kiwango cha msomaji, muda, ushahidi wa majaribio. Kama hujalijaribu kwa watu wa pembeni usiseme umelijaribu. Nenda kalijaribu kwanza.

Tanbihi

Niongelee mlango wa tatu, kwa sababu watu wanaukimbilia kwa sifa kisha wanashangaa kurudishwa. Mfululizo wa chuo kikuu hautachapisha "pitisha mara 8 kwenye moshi" kama agizo. Utachapisha swali kama: kwa nini mara 8, nani aliandika hivyo kwanza, nakala gani ya mkono inasema tofauti. Pendekezo lako litapelekwa kwa wasomaji wawili wa fani, wasiokufahamu au unaowajua bila kujua kwamba ndio wao, na ripoti zao ndizo zinazoamua. Miezi minne mpaka sita kwa ripoti ni kawaida.

Kwa hiyo ukitaka mlango huu, kata mswada upya. Mswada wa talasimu saba unaweza kuwa utafiti wa jinsi miraba ya tarakimu ya sayari (kila mstari wake una jumla ileile) ilivyofika kwenye kitabu cha magick cha Agrippa cha 1533 na ikatoka huko kwenda Golden Dawn, chama cha magick kilichoanzishwa London 1888. Hiyo ni hoja. Ukiiandikia, taja nyaraka kwa namba. Mtu anayeandika kuhusu kazi ya John Dee, msomi Mwingereza wa karne ya kumi na sita, na malaika na kusema "kwa mujibu wa maandiko ya Dee" hatasomwa; sema Sloane 3188 au Sloane 3191, nakala za mkono za British Library, na ukurasa upande gani. Mbao za Enokia, yaani majedwali ya herufi yaliyotoka kwenye kazi hiyo ya Dee, zina herufi zinazotofautiana kati ya Dee na Golden Dawn, na msomaji wa ripoti ataangalia umefuata ipi kabla ya kitu kingine chochote.

Pesa? Mrabaha ni mdogo na nakala ni chache. Unalipwa kwa kutajwa kwenye tanbihi za wengine, ndiyo maana nikajiita hivi.

Jalada_Gumu

Mlango wa pili watu wanaudharau au wanauabudu, hakuna katikati. Hali halisi: toleo la nakala mia chache, jalada gumu la kitambaa, na pengine nakala kadhaa za ngozi zilizofungwa kwa mkono kwa wakusanyaji. Karatasi nzito, michoro inapumua, mhariri anakuruhusu kuandika kwa msomaji aliyekwisha kuanza. Hakuna wa kukwambia "eleza tena duara ni nini".

Barua ya huko ni fupi na haina mpango wa kutangaza wa kurasa tatu. Wanataka kujua umefanya kazi hiyo kwa muda gani, unaongeza nini ambacho hakijaandikwa, na michoro ni ya nani. Mwandishi anayechora mihuri yake mwenyewe kwa ustadi ana nafasi kubwa kuliko mwenye jina.

Yanayoharibika: kufunga vitabu kwa mkono kunachelewa, na mara nyingi wanunuzi wameshalipia. Hiyo ni shida ya mchapishaji lakini barua za lawama zinamfikia mwandishi. La pili, toleo likiisha sokoni bei ya nakala zilizotumika inapanda, na wewe hupati senti katika hilo. Kwa hiyo kwenye mkataba uliza mapema: haki za jalada jepesi na za kielektroniki ni za nani, na zinarudi lini. Mpangilio mzuri ni kuwapa toleo la jalada gumu peke yake, kwa miaka michache, haki nyingine ubaki nazo. Wengi wanakubali ukiuliza kabla ya kusaini.

Mjitegemea

Wakuu naona mnazunguka tu. Mbona mlango wa tano unapitwa kwa mstari mmoja? KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, inalipa 70% kwa kitabu cha kielektroniki cha dola 2.99 hadi 9.99, na 60% kwa cha karatasi cha kuanzia dola 9.99, ukitoa gharama ya uchapaji. Kitabu cha dola 20, uchapaji tuseme dola 4: 12 kutoa 4, zinabaki 8. Huyo wa Minnesota atakupa 8?

HesabuZaMrabaha

Hatakupa. Hesabu yako ni sahihi mkuu, ila iweke ubavuni mwa nyingine.

Mkataba wa nyumba unaweza kusema 7.5% ya bei ya jaladani: kwa dola 20 ni dola 1.50. Au unaweza kusema 10% ya mapato halisi, na mwandishi mgeni anafurahi kwa sababu 10 ni kubwa kuliko 7.5. Mapato halisi ni kile mchapishaji anachobaki nacho baada ya punguzo la duka. Punguzo likiwa 50%, mapato ni dola 10, na 10% yake ni dola 1. Ili ufikie 1.50 unahitaji 15% ya mapato halisi. Soma neno "ya nini" kabla ya kusoma asilimia.

Kielektroniki mara nyingi ni 25% ya mapato halisi. Malipo ya awali, kama yapo, yanagawanywa: sehemu ukisaini, sehemu mswada ukikubaliwa, pengine sehemu kitabu kikitoka. Ukiwa na wakala, toa 15%. Ndiyo maana mawakala wengi hawahangaiki na mswada wa matambiko: 15% ya malipo madogo haiwalipii hata muda wa kusoma mkataba. Wakala ni wa mtu mwenye historia au simulizi inayoweza kukaa meza ya mbele dukani.

Sasa dola 8 dhidi ya 1.50. Ili kujichapishia kufanane kwa ubora, unalipa mhariri, mpangaji kurasa, mchora jalada na mtengeneza faharasa. Kitabu cha matambiko bila faharasa ni adhabu. Msomaji anatafuta "mastiki" katikati ya kazi, mikono ina majivu. Jumlisha gharama hizo, gawa kwa 6.50, ambayo ndiyo tofauti. Jibu ni idadi ya nakala unazopaswa kuuza kabla hujaanza kumshinda mwenzako aliyeenda nyumba kubwa, na hapo nimedhani ninyi wawili mnauza sawa, jambo ambalo halitokei kama huna wafuasi. Mwenye wanafunzi elfu mbili wa kozi yake, ajichapishie leo. Asiye nao anahitaji rafu za watu.

Na ukishajichapishia, mauzo yako yanaonekana. Ukirudi mlango wa kwanza na kitabu hichohicho, wataangalia namba hizo kabla ya barua.

Mjitegemea

Sawa, la faharasa nimelikubali. Lakini ongezeni hapo kwamba anayekuomba pesa ili akuchapishe si mchapishaji, ni fundi anayetafuta kazi. Mpe kazi ya fundi kwa bei ya fundi, haki ubaki nazo.

BintiFalaki

Hapo umenena.

Kifungu_cha_9

Naona hakuna aliyegusa hakimiliki, na kwenye fani hii ndiyo inayokwamisha miswada iliyokwisha kukubaliwa. Kwenye mkataba utasaini dhamana kwamba kila kitu ni chako au una ruhusa. Ukikosea, fidia ni juu yako.

Kanuni ya Uingereza na Umoja wa Ulaya ni maisha ya mwandishi na miaka 70, hadi mwisho wa mwaka. Mathers, mmoja wa waanzilishi wa Golden Dawn, alifariki 1918, tafsiri zake ziko huru. Crowley, 1947: huko ziko huru tangu mwanzo wa 2018. Marekani hesabu ni nyingine. Kazi ya zamani iliyochapishwa inaweza kulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo maandishi yake ya 1944 yanaweza kuwa na ulinzi huko hadi mwisho wa 2039. Mchapishaji anayeuza pande zote mbili za bahari atafuata ulinzi mrefu zaidi. Israel Regardie, aliyechapisha matambiko ya Golden Dawn, alifariki 1985, kwa hiyo Uingereza ni hadi mwisho wa 2055. Watu wanasema "Golden Dawn ni ya kale" wananakili kurasa zake nzima, kumbe mpangilio na maelezo ni yake.

Michoro ni balaa zaidi. Karata za tarot alizochora Pamela Colman Smith, aliyefariki 1951, Uingereza zimekuwa huru tangu 2022, lakini toleo lililopakwa rangi upya baadaye linaweza kudaiwa na aliyelitoa. Tumia picha ya toleo la 1909. Zile alizomchorea Crowley Frieda Harris, aliyefariki 1962, bado hadi mwisho wa 2032. Na tafsiri ya kisasa ya kitabu cha karne ya kumi na tano ina mwenyewe, hata kama kitabu hakina.

Hakuna idadi ya maneno iliyo "salama" kunukuu. Andika kwa maneno yako, nukuu pale tu unapochambua nukuu yenyewe. Ruhusa anazilipia mwandishi, kwa hiyo tengeneza jedwali: kipande, ukurasa, mwenyewe, tarehe uliyoomba, jibu. Liambatishe kwenye pendekezo. Mhariri akiliona anapumua.

Mengine ya mkataba kwa kifupi. Jina la chama, Frater (Ndugu) fulani, linakaa jaladani. Mkataba unasainiwa kwa jina la kisheria. Kurejeshwa kwa haki kufungwe kwenye idadi ya nakala zilizouzwa ndani ya miezi 12. Usikubali iandikwe "kitabu kikiisha sokoni", kwa sababu siku hizi za kuchapa kwa agizo hakiishi kamwe. Haki za kitabu cha sauti na za karata zitenganishwe na za kitabu. Kitabu cha talasimu kinazaa seti ya karata haraka kuliko unavyodhani. Na kama sehemu ya tambiko uliipokea kwa kiapo ndani ya chama kilicho hai, iondoe kabla hujatuma, sheria iwe upande wako au isiwe. Wahariri wa fani wanawajua wakuu wa vyama hivyo.

Chipukizi_Kalamu

Nimeshukuru sana. Kuna chochote cha usalama? Maana hizi ni moshi na dawa.

BintiFalaki

Kipo, na nyumba kubwa watakuuliza. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo "fungua dirisha" inaandikwa ndani ya hatua. Kuificha kwenye ukurasa wa tahadhari mwanzoni, ambao hakuna anayeusoma, hakusaidii mtu. Vitabu vya kale vinataja belladonna na mnanaha (datura), mimea yenye sumu, na zebaki kwenye mafusho. Usiviweke kwenye orodha ya vifaa hata kwa tahadhari; vitaje kama historia, kisha utoe mbadala unaofanya kazi. Mafuta ya kupaka yaandikwe na kiwango cha kuchanganyia, matone mangapi kwa mililita ngapi za mafuta ya kubebea. Mdalasini usiochanganywa unaunguza ngozi.

Jambo jingine dogo linalofanya mswada ukataliwe: mwelekeo. Ukisema "zunguka kufuata jua", msomaji wa kusini ya ikweta anatazama jua likipita upande wa kaskazini, na kulifuata kwake ni kinyume cha mkono wa saa. Sema "mkono wa saa, kuanzia mashariki kwenda kusini" kama ndiyo unayomaanisha, kisha aya moja ya kueleza kwa nini mila yako haibadilishi upande, au inabadilisha. Nyumba hizi zinauza Australia pia.

Jalada_Gumu

Niongeze ya faili, ndipo michoro inapofia. Mihuri ichorwe kwa mistari ya vekta. Kama ni skani, nukta 300 kwa inchi kwa picha, 1200 kwa mistari, kwa ukubwa utakaochapwa. Mhuri uliopakuliwa mtandaoni wa nukta 72 unaonekana mzuri kwenye skrini na kama ukoko kwenye karatasi.

Miraba ya tarakimu ihakikiwe baada ya kupangwa kurasa, kwa kalamu. Zohali 3 kwa 3, kila mstari 15. Mshtarii 34, Mirihi 65, Jua 111, Zuhura 175, Utaridi 260, Mwezi 369. Jumlisha safu za mlalo, nguzo za wima na pembe kwa pembe. Mpangaji kurasa anapoandika upya miraba ya 8 kwa 8, tarakimu mbili zikibadilishana ndani ya safu moja, safu itajumlika sawasawa na nguzo ndiyo itakayomfichua. Kwa hiyo usiishie kwenye safu.

Tanbihi

Na Kiebrania. Programu nyingi zikinakili maandishi yanayosomwa kutoka kulia zinayageuza, jina la Mungu la herufi nne (YHVH) linaanzia mkia. Mpangaji asiyejua lugha hataona, na mhariri naye huenda asione. Tuma faili la mswada pamoja na PDF yenye fonti zilizopachikwa, na kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo kwa mpangaji andika kitu anachoweza kukiangalia kwa macho tu: kwenye jina hilo, herufi ndogo kuliko zote, ile inayoning'inia juu kama koma, iwe kulia kabisa. Prufu (kurasa za kuhakiki kabla ya kuchapa) zikija, anza na ukurasa wenye jina hilo.